Kuhamia kwenye kazi za uwekezaji ukiwa Mombasa: chagua kazi kwanza, chuo baadaye

Wanaonijia kuuliza habari hizi ni watu wa klia (wanaotoa mizigo ya wateja forodhani) pale bandarini, wa mapokezi hotelini, walimu, na mara moja moja mhasibu aliyechoka na vitabu vya duka. Wote huja na tangazo la chuo kwenye simu: "Hiki kinafaa?" Kazi yangu ni kuhudumia wateja wa mifuko ya uwekezaji, na nilitokea kwenye mizigo, kwa hivyo swali hilo nalijua. Chuo ndicho cha mwisho kuamua. Fuata mpangilio huu.

Hatua ya 1: Andika jina la kazi unayoitaka

Kusanya matangazo matano au sita ya kazi kutoka kwa madalali wa hisa, kampuni zinazosimamia mifuko, na benki. Pigia mstari kila cheti kinachotajwa. Utaona haraka kwamba uchambuzi wa hisa na usimamizi wa mifuko uko zaidi Nairobi, na huku kwetu anayeanza huingilia mlango wa mauzo na huduma: kumweleza mteja mfuko wa soko la fedha (unaokusanya pesa za wengi na kuziweka kwenye mikopo ya muda mfupi), kumfungulia akaunti ya hisa, kumsaidia kununua hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Ukitaka kubaki Mombasa, jipange kwa mlango huo. Ukiwa tayari kupanda treni uhamie huko, hesabu hubadilika.

Ukiona jina la kampuni usilolijua, litafute kwenye orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambayo iko wazi mtandaoni. Na wale wanaotangaza "kozi ya forex" (biashara ya fedha za kigeni) ya wikendi mbili, wape kisogo. Cheti chao si leseni, wala hakuna mwajiri wa maana atakayekuita kwa sababu yake.

Hatua ya 2: Chagua mtihani

Hapa ndipo wengi huchanganya mambo. Chuo hufundisha tu. Anayetunga mtihani na kutoa cheti ni mwingine kabisa.

CIFA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji na fedha cha KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya, ndiyo njia ya nyumbani. Ina ngazi tatu, mitihani hufanyika Aprili, Agosti na Desemba, na alama ya kupita kila karatasi ni asilimia 50. Aliyemaliza sekondari huingia kwa C+ ya KCSE. Mwenye digrii pia hupokewa. Nyuma yake kuna sheria ya mwaka 2015 iliyounda taasisi ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha, ICIFA, kwa hivyo waajiri wa Kenya wanaijua. Ubaya wake ni urefu: anayefanya kazi huku akisoma ahesabu miaka, asihesabu miezi. Kama una CPA (cheti cha uhasibu) au digrii ya biashara, ulizia kwanza msamaha wa karatasi. Unaweza kuruka masomo uliyokwisha kuyafanya, na hilo chuo hakitakukumbusha, maana karatasi unayoruka ni karo wasiyoipata.

Njia ya CISI, taasisi ya Uingereza ya dhamana na uwekezaji, ni fupi. Mtihani wake wa utangulizi wa kimataifa una maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa saa moja, kwenye kompyuta. Kwa anayetaka kazi ya mauzo na hajui kama fani yenyewe itamkubali, hapa ndipo pazuri pa kuonja.

CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ina jina kubwa, na ndiyo inayowaponza wengi wanaobadilisha kazi. Ngazi ya kwanza peke yake ni maswali 180 kwa vipindi viwili vya saa mbili na robo kila kimoja. Lazima uwe na pasipoti halali. Ada ni ya dola, na bila ufadhili haishuki chini ya 900 hata ukijisajili mapema. Wenyewe hushauri saa 300 za kusoma kwa kila ngazi. Ukipata saa kumi kwa wiki, hizo ni wiki 30, na hujaugua wala hujaitwa harusini. Kama lengo lako ni kaunta ya benki Nkrumah Road, iache kwa sasa.

Hatua ya 3: Mjaribu mwalimu kabla ya kulipa

Omba kukaa darasani kipindi kimoja bure. Chuo kikikataa, umeshapata jibu. Kikikubali, muulize mwalimu swali hili kwa adabu: "Mwalimu, kwa nini riba ikipanda bei ya hatifungani hushuka?"

Mwalimu dhaifu atakuandikia fomula ubaoni. Mzuri atachukua mfano. Hatifungani ya shilingi 100,000, riba asilimia 10, imebaki mwaka mmoja. Mwisho wa mwaka itakulipa 110,000. Sasa soko linadai asilimia 12. Gawanya 110,000 kwa 1.12 upate 98,214. Hiyo ndiyo bei mnunuzi atakayokubali leo, kwa sababu akilipa 100,000 kamili atapata asilimia 10 huku jirani yake akipata 12. Halafu atakwambia: haya, toa kikokotoo, fanya ya asilimia 8. Jibu ni 101,852, na bei imepanda. Ukitoka pale ukiweza kumweleza shangazi yako, mlipe huyo mwalimu.

Sisitiza hapo, maana aliyekuwa nje ya shule miaka kumi huangushwa na karatasi za hesabu kabla ya nyingine zote. Waulize pia: anayefundisha hesabu ni nani, na yuko muhula huu au ameshaondoka? Picha ya mwalimu maarufu kwenye bango haifundishi. Na kwa CIFA, hakikisha chuo kimo kwenye orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na KASNEB.

Hatua ya 4: Pima njia

Darasa la saa kumi na mbili jioni mjini kwa mtu anayetoka zamu Changamwe na kulala Likoni ni ndoto. Foleni ya feri peke yake itakula somo. Chukua darasa la Jumamosi, au la mtandaoni lenye rekodi, na uone rekodi moja kabla ya kulipa. Nyingine sauti yake huwezi kuisikia kwa kelele ya feni.

Hatua ya 5: Pesa

Karo ya chuo na ada ya mtihani ni vitu viwili. Ya mtihani ilipe mwenyewe moja kwa moja kwa KASNEB, usimkabidhi karani wa chuo. Kumbuka usajili wa mwanafunzi huhuishwa kila mwaka. Lipa karo kwa muhula, hata wakikupa punguzo ukilipa yote.

Kama bado una mwajiri, muulize mkuu wa wafanyakazi kuhusu NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani. Mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Atataka kujua yanahusiana vipi na kazi yako ya sasa, kwa hivyo nenda na jibu. Mtu wa klia anaweza kusema fedha za kigeni na hesabu za wateja, na hatakuwa amedanganya.