Leseni ya kituo cha watoto isome, usiangalie tu kwamba imetundikwa ukutani

Kama kazi yako ni bandarini, kiwanda cha samaki, hotelini au sokoni, unajua kwamba shida ya kumtafutia mtoto pa kushinda haianzi kwenye hela, inaanzia kwenye saa. Boti zikiingia alfajiri watu wanatakiwa alfajiri hiyo hiyo, meli ikichelewa kufunga gati na wewe umechelewa kutoka, halafu kituo kinafungua saa moja asubuhi kinafunga saa kumi na moja jioni kama vile mji mzima unafanya kazi ofisini. Kwa hiyo kabla hujamuuliza mtu yeyote bei, chukua karatasi uandike saa zako za kweli, sio zile za kwenye mkataba. Unatoka nyumbani saa ngapi, siku nzuri unarudi saa ngapi, siku mbaya je, Jumamosi unaingia au huingii, na msimu wa wageni ukiisha unapunguziwa siku ngapi. Hiyo karatasi itunze, tutairudia kwenye hesabu.

Sasa leseni. Wengi tunaanza kwa kuulizana fulani anampeleka wapi wa kwake, sio vibaya, ila mimi nakushauri uanzie kwenye ofisi inayotoa leseni. Kuna nchi vituo viko chini ya ustawi wa jamii, kwingine ni elimu au afya, kwingine ni halmashauri ya jiji. Kama hujui, ulizia pale mtoto anapopelekwa kliniki ya chanjo, manesi wanayajua sana haya mambo. Ukifika omba orodha ya vituo vyenye leseni iliyo hai karibu na unapoishi na pia vya njiani kwenda kazini, maana cha njiani saa zingine kinakufaa kuliko cha mtaani kwako. Uliza na vitu viwili zaidi, kilikaguliwa lini mara ya mwisho, na kama kuna malalamiko yaliyothibitishwa. Sehemu zingine ripoti za ukaguzi ziko mtandaoni, Marekani kwa mfano sheria ya mwaka 2014 inayataka majimbo yaziweke hadharani, unazisoma kwenye simu ukiwa kwenye basi.

Na usione aibu pale dirishani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, kifungu cha 3 kinataka sehemu zinazotunza watoto zifuate viwango vya usalama, afya, idadi ya wafanyakazi na kufaa kwao, na kifungu cha 18 kinazitaka serikali zihakikishe watoto wa wazazi wanaofanya kazi wanapata huduma za malezi. Huombi hisani ya mtu.

Leseni yenyewe isome, naomba sana unisikilize hapa maana yalinikuta. Mtoto wangu wa kwanza nilimpeleka kituo ambacho leseni imewekwa kwenye fremu kabisa, muhuri upo, saini ipo, nikaridhika. Mwezi wa nne huo nimekaa kwenye benchi nasubiri avalishwe viatu ndo macho yakaenda kwenye ile fremu, anuani iliyoandikwa ni ya nyumba nyingine mtaa mwingine, na idadi ya watoto imeandikwa 12. Nikahesabu mabegi yaliyotundikwa kwenye misumari pale koridoni, 31. Nikarudia kuhesabu. Yule mama hakuwa mtu mbaya, alihamia kwenye nyumba ya kodi nafuu na watoto wakawa wanaongezeka taratibu, lakini kwenye ile nyumba mpya hakuna mkaguzi aliyewahi kuingia, hakuna aliyeangalia kama mlango wa nyuma unafunguka moto ukitokea. Nilimtoa mtoto wiki hiyo hiyo bila kuwa na pa kumpeleka, nikakosa shifti tatu.

Kwa hiyo angalia jina la mwendeshaji kama ndo huyo unayeongea naye, anuani kama ndo nyumba uliyosimama, tarehe ya kuisha, idadi ya watoto, na umri. Umri watu wanausahau sana, kituo kinaweza kuwa na leseni ya watoto wa miaka 3 kwenda juu halafu kikawa kinapokea wachanga kimyakimya. Piga picha ile leseni, ukalinganishe na kilichopo ofisini.

Kukitembelea, nenda mara mbili. Ya kwanza kwa miadi, ya pili bila kusema, na saa nzuri ni mchana watoto wanapolala au jioni ya kuchukuliwa, walezi wakiwa wamechoka, hapo unaona mambo yalivyo. Kituo kikikwambia mzazi haruhusiwi kuingia ndani bila taarifa, usibishane nao, ondoka.

Ukiwa ndani hesabu watoto, halafu hesabu watu wazima walio nao chumbani, sio wale walioandikwa kwenye rejista na wala sio yule anayepika. Kila nchi ina kiwango chake, kwa mfano nasari za Uingereza mtu mzima 1 hazidishi watoto 3 wa chini ya miaka 2, wewe ulizia cha kwenu pale pale ulipochukua orodha. Mimi huwa najiuliza tu, moto ukiwaka sasa hivi huyu dada atatoka na wangapi mikononi? Na huyo dada ana muda gani pale? Kama kila baada ya miezi miwili unakuta sura mpya, uliza kwanini.

Mchanga wa chini ya mwaka alazwe chali, kwenye godoro gumu lililonyooka, bila mto, bila midoli, bila blanketi la kumfunika uso, ndivyo wanavyoshauri madaktari kupunguza vifo vya ghafla vya usingizini. Inua godoro uangalie chini yake, miji ya pwani ina unyevu na ukungu unajificha huko. Anapobadilishwa nepi pawe mbali na pa kulia chakula na maji ya kunawa yawe karibu. Taulo kila mtoto na lake.

Ila kitu ninachokiogopa kuliko vyote ni maji, na sisemi bahari, bahari kila mtu anaiangalia. Nasema ndoo. Mtoto anayejifunza kutembea kichwa chake ni kizito kuliko mwili unavyoweza kuinua, akitumbukia kichwa kwenye ndoo hawezi kujitoa, na mara nyingi hapigi hata kelele. Sentimita chache za maji zinatosha. Kwa hiyo mimi nikifika mahali huwa nazunguka uani kwanza, naangalia ndoo za kufulia zimeachwa na maji au zimefunikwa, pipa lina mfuniko gani, karo, kisima, geti linafungwa kwa juu au mtoto wa miaka miwili anaweza kulisukuma. Shirika la Afya Duniani kwenye mapendekezo yake ya kuzuia kuzama limeweka kabisa hili la watoto wadogo kuwa na sehemu salama mbali na maji pamoja na mlezi anayejua kazi yake, na Bangladesh vijijini wana vituo vya kushinda watoto vilivyoanzishwa hasa ili wasizame. Na kama mtaa uko chini, uliza maji yakijaa watoto wanapelekwa wapi, na nani anawapigia wazazi.

Kingine hakisemwi sana. Kuna sehemu watoto wanapewa dawa za kikohozi au za mzio zile zinazoleta usingizi, ili walale mlezi apumue. Ukiona mtoto ukimchukua amelegea, ukimwita anachelewa kushtuka, anasinzia njia nzima, na siku unazoshinda naye nyumbani hayuko hivyo, mpeleke akaonwe na daktari siku hiyo hiyo na useme unachoshuku. Kabla ya kumwandikisha uliza moja kwa moja, dawa hapa mnatoaje? Jibu unalotaka kusikia ni kwamba hakuna dawa bila maandishi ya mzazi, na kila dozi inaandikwa saa na jina la aliyeitoa.

Haya, hela. Toa ile karatasi. Tuseme kituo cha kwanza ada yake ni ndogo lakini inahesabu Jumatatu mpaka Ijumaa, siku 22 hivi kwa mwezi, wewe unaingia siku 26. Jumamosi 4 unazilipia pembeni. Kinafungua saa moja wakati wewe saa kumi na mbili uko kazini, kwa hiyo lile lisaa jirani anamshika na jirani naye unamtoa kidogo. Ukichelewa kumchukua kuna faini, na wewe siku za meli unachelewa. Sikukuu wamefunga wewe unafanya kazi. Kituo cha pili ada iko juu robo nzima, ila kinafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri na Jumamosi imo. Jumlisha kila kitu, ada, nauli, faini, jirani, nepi kama unapeleka mwenyewe, gawanya kwa siku ambazo mtoto atashinda pale kweli. Mimi nilipofanya hivyo kwa mtoto wa pili, kile "cha bei rahisi" ndo kilikuwa ghali, na nilikuwa nimeshakaribia kulipa.

Usikubali bei ya kwanza bila kuuliza. Kuna vituo vinapunguza kwa ndugu wawili, kuna vinavyolipisha kwa siku au nusu siku, kuna vya halmashauri au vya nyumba za ibada ada inafuata kipato. Ulizia kama serikali inachangia wazazi wa kipato cha chini, na hapa leseni inarudi tena maana sehemu nyingi huo mchango hautolewi kwa kituo kisicho na leseni. Muulize na mwajiri, au chama cha wafanyakazi kimuulize kwa niaba yenu, India sheria inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi awe na kituo cha watoto, angalieni kwenu inasemaje. Na ukitafuta, tafuta mapema, nafasi za wachanga ndo chache kuliko zote, hata ukiwa mjamzito andikisha jina.

Kama vituo vyote viko mbali, usimruke mlezi wa nyumbani kwake. Nchi nyingi zina leseni ya mtu anayelea watoto wachache nyumbani, na hawa mara nyingi ndo wanaokubali alfajiri na usiku. Ukimpata mlezi mzuri ila hana leseni, wazazi mnaomtumia kaeni naye, mmoja aende naye ofisini kuulizia masharti, mchange ada ya kuomba kama ndo inayomkwamisha. Wengine hawaendi kwa sababu ya kuogopa tu.

Kabla ya kulipa pata maandishi: ada, siku, faini, notisi ya kuondoka, hela ya kuandikisha inarudi au hairudi. Risiti kila mwezi. Acha majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua, pamoja na picha zao. Kama ananyonya, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 kwenye joto la kawaida la chumba na mpaka siku 4 kwenye friji, bandika jina na saa kwenye kila chupa, sehemu zenye joto kali yawekwe kwenye baridi mapema. Wiki ya kwanza mpeleke kwa masaa mawili tu kwa siku kama unaweza kupanga na shifti, na ukiondoka muage akuone, hata akilia. Ukishafika getini simama dakika mbili hivi usikilize nani anamwendea.