Ndugu yako ana usonji na anatafuta kazi Dar? Fanyeni hivi

Wengi wenye usonji (autism, yaani ubongo unapokea sauti, maneno na watu kwa namna tofauti tangu utotoni) kazi wanaziweza vizuri tu, wanakwama kwenye intavyuu, au wanaipata halafu inawaponyoka kwa mambo ambayo hakuna aliyewaambia wazi. Kwa hiyo nguvu nyingi wekeni hapo.

Kabla ya CV, kaeni naye (yeye mwenyewe jamani, ni mtu mzima, sio kikao cha ukoo kumpangia) muandike kitu gani anaweza kukifanya saa nyingi bila kuchoka na kitu gani kinamvuruga, iwe kelele, joto, harufu au watu kumgusagusa. Kama anashika namba za vipuri kichwani, na sio wote wako hivyo, duka la spea Kariakoo linaweza kumfaa ila awe stoo ya nyuma, sio pale mbele spika inapopiga "elfu tano elfu tano" toka asubuhi.

Intavyuu ombeni ibadilishwe. Lile swali la "tuambie kuhusu wewe" halipimi chochote, mwambieni bosi ampe kazi yenyewe siku mbili tatu amuone, na alipwe, msikubali ya bure. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 kwenda juu awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, lakini msianze nayo, bosi akisikia sheria mlangoni anakunja sura. Itunzeni. Akitaka biashara yake mwenyewe, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na kati ya hiyo 10, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, ulizeni ofisi ya kata.

Kusema ana usonji au kukaa kimya ni uamuzi wake. Mabosi wengi hata neno hawalijui, afadhali aseme anachohitaji: "mimi nikiandikiwa naelewa zaidi".

Sasa kuibakiza kazi, hapa ndo penyewe. Bosi anatuma meseji "ukimaliza hapo malizia na zile za kule", sasa zile zipi, kule wapi? Mwombeni aandike "panga boksi za filta rafu ya 2, mpaka saa 5, ukimaliza nipigie". Kazi ileile, mtu yuleyule, ila ya pili inafanyika. Pia awe na mtu mmoja tu wa kumuuliza, maana akiamrishwa na watano kila mmoja na lake, atasimama.

Halafu salamu. Bongo usipomsalimia mtu asubuhi, mpaka mchana ushaitwa unaringa, na wenye usonji wengine ile za nyumbani, za kazi, watoto hawajambo inawachosha kweli. Wakubaliane salamu moja fupi, shikamoo au mambo basi, na wenzake waambiwe mapema kuwa hana dharau. Kutomtazama mtu machoni wala msihangaike nako, kwa wazee wetu hiyo ni adabu.

Siku akizidiwa anaweza kuziba masikio, kujitikisa au kulia, na utasikia kapandisha mashetani. Msimshike, msimzunguke na maswali, apelekwe pembeni pasipo na kelele akae mpaka atulie mwenyewe. Mahali penyewe pajulikane toka wiki ya kwanza.

Usafiri nao unafukuzisha watu kazi. Mwendokasi ya Kimara saa 1 asubuhi unaijua, mtu anafika Posta kashaisha kabla hajaanza, kwa hiyo ombeni aingie saa 4 atoke jioni zaidi, au kazi iwe ya karibu hata kama mshahara umepungua kidogo. Zikiwepo hesabu za stoo, kuhama ofisi au bosi mpya, aambiwe siku kadhaa kabla.

Na mshahara uingie kwenye laini yake yeye, sio ya kaka.