Somo: Sauti ya babu kwenye simu, na pweza walio kichwani mwetu

Jana baada ya magharibi babu alinipigia simu kutoka Faza, kisiwani Pate. Nilimjua kabla hajamaliza salamu, kwa ule uzito wa sauti yake. Basi tazama ajabu: uzito huo haukupita kwenye simu. Laini ya kawaida hupitisha mitetemo ya kati ya 300 na 3,400 kwa sekunde, na sauti ya mwanamume mtu mzima huanzia chini ya hapo, tuseme 110. Niliusikia wapi?

Hatua ya 1: Ijue sauti yenyewe. Koo la babu likitetema mara 110 kwa sekunde, halitoi 110 peke yake. Hutoka pia 220, 330, 440, 550, na kuendelea. 110 ndiyo msingi, na hizo nyingine huitwa hamoniki. Zumari ni hivyo hivyo, na udi pia. Simu ilikata 110 na 220. Zilizopita zimeachana kwa 110, na ukizijumlisha, wimbi lao hujirudia kila milisekunde 9 hivi, sawasawa na ambavyo ule msingi ungejirudia. Lishike hilo.

Hatua ya 2: Ndani ya sikio. Koklea ni mfereji uliojisokota kama konokono, na ndani yake mna utando wa urefu wa kama milimita 35. Mwanzoni utando hujibu sauti nyembamba, mwishoni sauti nzito. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kuonyesha jinsi wimbi linavyosafiri humo. Hamoniki za chini, nane au kumi za kwanza, kila moja hupata mahali pake. Za juu hubanana, na kwa kubanana huko nguvu yao hupanda na kushuka mara 110 kwa sekunde.

Hatua ya 3: Neva. Kila sikio lina nyuzi za neva kama 30,000. Wimbi likifika mahali fulani pa mzunguko wake, uzi hupiga, yaani hutuma ishara ya umeme. Wasikilizeni wapiga matari kwenye Maulidi pale Msikiti wa Riyadha, Lamu: mmoja aweza kuacha pigo, lakini akipiga, hupiga kwa wakati. Nyuzi nazo ziko hivyo, mpaka mitetemo ifikie elfu kadhaa kwa sekunde. Hapo huanza kupotewa na mwendo.

Hatua ya 4: Shina la ubongo. Hapa ndipo ninapopapenda. Nyuzi huingia kwenye nyuklia ya koklea, kituo cha kwanza cha sauti ubongoni, na seli za humo zimepewa majina kwa maumbo yao: kichaka, nyota, na pweza. Kichaka hutunza wakati, nyota hubeba habari ya nguvu ya kila eneo la sauti, ambayo ndiyo hututenganishia "a" na "i".

Pweza mikono yake yote imeelekea upande mmoja, ikikatiza nyuzi zinazoleta mitetemo mbalimbali. Tena anavuja kama ndoo iliyotoboka. Mtu mmoja akitia kata moja moja, haijai abadani; wengi wakimimina kwa mpigo, inafurika. Ishara moja ikimfikia pweza, hupotea ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde. Nyingi zikifika pamoja, ndipo anapopiga.

Lakini koklea huchelewesha sauti nzito. Zitafikaje pamoja? Nyuzi za sauti nyembamba, zinazowahi, hushika kwenye ncha za mikono, mbali na mwili wa seli. Za sauti nzito hushika karibu na mwili. Aliyewahi ana safari ndefu, aliyechelewa ana fupi. Subhanallah! Basi kila wimbi la sauti ya babu likijirudia, pweza hupiga mara moja: pigo kila milisekunde 9. Msingi uliokatwa na simu umerudi, ukiwa ni wakati.

Hatua ya 5: Kupanda juu. Habari hupita kwenye zeituni, fundo la seli za shina la ubongo panapolinganishwa masikio mawili, kisha kwenye kolikulasi ya chini, kituo kilicho juu yake, halafu gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje.

Jaribu mwenyewe: mwambie mzee avute "aaa" kwenye simu, nawe uifuatishe kwa kuguna. Utaguna kwenye msingi ambao haumo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mamangu asikia watu wakisema, lakini arusini haelewi neno. Kwani ni uzee tu?*

Marahaba mwanangu. Vinywele vya koklea, vinavyopokea mitetemo ya utando, vikiharibika, kila sehemu ya utando huanza kujibu mitetemo mingi kwa pamoja, na hamoniki huchanganyika. Kumpazia sauti hakurudishi utenganisho huo wote. Mpeleke akapimwe, na muongee naye uso kwa uso, mahali patulivu.

*Kaka, adhana mbili zikisomwa pamoja hapa mtaani Langoni, mbona hatuzichanganyi?*

Kila muadhini ana msingi wake, kwa hiyo hamoniki zake huenda pamoja. Na sauti ya ubavuni hutangulia sikio moja kwa muda usiozidi milisekunde moja. Zeituni huujua muda huo.

*Mtoto mchanga hupimwa vipi masikio, na hawezi kujibu?*

Hupimwa, hata akiwa amelala. Hubandikwa vipande vya waya kichwani na kuchezewa vimlio. Mawimbi ya umeme ya shina la ubongo huonekana ndani ya milisekunde 10 za kwanza.

*Kwa hiyo anayemsikia babu ni pweza?*

La, ndugu yangu. Pweza anapiga tu kwa wakati, kwa sauti ya babu, kwa zumari, hata kwa injini ya boti. Kuijua kuwa ni sauti ya babu hufanyika juu zaidi, kwenye gamba, na huko kunataka somo lake.