Namna ya Kupima Kama Tamthilia ya Uhalifu Inamfaa Kijana Wako

Anza na alama ya uainishaji, lakini usiishie hapo. Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya hutumia madaraja manne: GE kwa watazamaji wote, PG kwa wanaohitaji mwongozo wa mzazi, kisha 16 na 18 kwa waliotimiza umri huo. Kanuni za utangazaji nazo haziruhusu stesheni kuonyesha maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Ulinzi huo unaifaa televisheni ya sebuleni. Kijana aliyejifunika blanketi na simu yake haumfikii. Tena alama haisemi lile ambalo mzazi anataka hasa kulijua, yaani tamthilia inamfundisha mtoto kumwonea nani huruma.

Kwa hiyo tazama mwenyewe kwanza, angalau sehemu ya kwanza, moja ya katikati na ya mwisho. Ya kwanza hukuonyesha mauaji yanavyosimuliwa, ya katikati hukuonyesha mwendo wa kawaida wa hadithi, na ya mwisho ndiyo inayofichua kama uovu umelipiwa au umepigiwa makofi.

Wingi wa damu si kipimo kizuri. Kuna tamthilia yenye risasi nyingi ambayo kijana wa miaka 14 ataisahau kabla ya chakula cha jioni, na kuna nyingine isiyo na tone la damu lakini itakayomkaa rohoni, kwa sababu muuaji ni baba mpole anayewapeleka wanawe shuleni kila asubuhi.

Angalia zaidi jinsi maiti inavyoonyeshwa. Mara nyingi aliyeuawa ni msichana, naye tunamkuta amelala chini nguo zimechanika, kamera ikipanda polepole kutoka miguuni hadi shingoni penye alama za vidole, ilhali hata jina lake hatujaambiwa. Jiulize kama baadaye utamfahamu: alisoma wapi, nani alikuwa akimsubiri nyumbani, mama yake aliipokeaje habari. Kama hadi mwisho anabaki kuwa mwili wa kuchunguzwa tu, huku muuaji akipewa utoto wa kusikitisha, akili nyingi na maneno matamu, mimi nisingemwonyesha kijana aliye chini ya miaka 16, hata kama alama inaruhusu.

Mpelelezi naye achunguzwe. Mashujaa wengi wa tamthilia hizi humpiga mshukiwa mpaka aseme, na akisema, hadithi inamwona shujaa hana kosa. Kijana wa Nyalenda kule Kisumu au Kaptembwo kule Nakuru huenda amewahi kumwona jirani akikamatwa, hivyo jambo hili analijua kwa macho yake. Mweleze kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 humpa aliyekamatwa haki ya kunyamaza na ya kufikishwa mahakamani, kwa kawaida ndani ya saa 24, na kwamba Kifungu cha 25 hakiruhusu mateso kwa hali yoyote. Akiweza kusimamisha picha na kubishana nawe kuhusu hayo, amekomaa vya kutosha kuitazama.

Fikiria pia mahali anapoishi. Katikati ya mwaka 2022 wakazi wa Mawanga, Nakuru, waliishi kwa hofu baada ya wanawake kadhaa kuuawa majumbani mwao. Kwa msichana aliyekuwa mtaani humo wakati ule, tamthilia ya mtu anayevamia wanawake walio peke yao huenda isiwe burudani, hata akiwa na miaka 17. Muulize kabla ya kuwasha. Na kijana yeyote anayeanza kulala taa ikiwaka, au kuomba asindikizwe choo cha nje usiku, apumzishwe bila kuchekwa.

Ving'amuzi vingi na huduma za kutazama kupitia intaneti vina nambari ya siri ya mzazi. Iweke, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa, kwa kuwa ndio atakaoujaribu kwanza. Ukikataa, mtajie onyesho hasa lililokufanya ukatae na umri ambao mtalizungumzia tena, maana aliyeambiwa hapana bila sababu ataitafuta tamthilia hiyo kwa rafiki kabla ya wiki kwisha.