Kabla ya kujisajili kusomea uuguzi mtandaoni wakati wa janga

Usianze na bei ya bando. Anza kwa kumuuliza msajili wa chuo: mazoezi ya wadi nitayafanyia hospitali gani, na wadi zikifungiwa wanafunzi itakuwaje? Anatomia unaweza kuisoma ukiwa kwenu Ahero. Kutafuta mshipa wa damu, kumgeuza mgonjwa mzito bila kumuumiza, kumzalisha mama: hayo hayafundishiki kwenye kioo cha simu. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nadharia iliweza kuhamia mtandaoni. Zamu za wadi hazikuweza.

Kwa hiyo chuo kinachokuahidi diploma nzima bila kukanyaga hospitali, kikimbie. Hakikisha kimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na uangalie orodha ya Baraza lenyewe, si picha ya barua uliyotumiwa kwa WhatsApp. Uliza pia lini utapewa indeksi (nambari ya mwanafunzi inayotolewa na Baraza), maana bila hiyo Baraza halikutambui kama mwanafunzi wa uuguzi. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina matawi Kisumu, Nakuru na Kakamega, hivyo si lazima ufikirie Nairobi kwanza.

Mtandao upime mwenyewe, saa ileile ya kipindi, na siku ya mvua pia. Usipange masomo kwa kutegemea ahadi. Julai 2020 maputo ya Loon, kampuni dada ya Google, yalianza kurusha intaneti juu ya Nakuru, Kisumu na Kakamega, watu wakafurahi. Januari 2021 kampuni ikatangaza kuufunga mradi. Mwombe mwalimu atume notsi na rekodi za sauti, kwani sauti hula bando kidogo kuliko video. Simu ichajiwe usiku, kabla stima haijapotea.

Nyumbani nako kuna kazi. Binti akionekana na simu saa nne asubuhi ataambiwa akachote maji (mvulana, kwa namna fulani, huachwa). Bandika ratiba ukutani na umwelezee mama kabla muhula haujaanza.

La mwisho husahaulika: chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kwa kawaida ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikitimia miezi sita. Ukisubiri hadi uitwe wadini, utaingia kushika sindano na damu za watu kabla hujaimaliza.