Kupanga Safari ya Kanivali ya Barakoa Mjini Venice, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia binamu yangu wa Arusha kupanga safari yake ya kwanza kwenda Venice, Italia, kwa kuwa mimi niliitangulia njia hiyo na kufanya makosa ambayo sikutaka ayarudie.

Hatua ya kwanza: tarehe. Kanivali hufungwa Jumanne inayotangulia Jumatano ya Majivu, yaani siku 47 kabla ya Pasaka, kwa hiyo huhama kila mwaka. Mwaka 2027 Jumanne hiyo itakuwa 9 Februari. Mwaka 2028 itaangukia 29 Februari. Jumamosi na Jumapili za mwisho watu hubanana kama dagaa. Mimi hupendelea siku za kati ya wiki iliyotangulia, na hasa alfajiri, wakati waliovaa mavazi kamili hupiga picha kwa utulivu katika uwanja wa San Marco.

Hatua ya pili: viza. Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen (viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya), ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90, pamoja na bima ya safari isiyopungua kinga ya yuro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Yaombe mapema, kwani uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45.

Hatua ya tatu: malazi na anwani. Watu wengi hushauriwa kulala Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya visiwa vya Venice, ambako vyumba ni nafuu na treni hufika mjini kwa takriban dakika kumi. Mimi nakataa. Mwenye joho na kofia hawezi kurudi bara kila anapotaka kubadilisha nguo au kupumzisha miguu, na chumba kidogo kisiwani ni bora kuliko kikubwa cha ng'ambo.

Hata hivyo, ukilala kisiwani, jihadhari na anwani. Niliyopewa mimi ilikuwa neno Castello na namba ya tarakimu nne, basi. Mji umegawanywa katika kata sita, nazo ni San Marco, Castello, Cannaregio, Dorsoduro, San Polo na Santa Croce, na namba za nyumba hazianzi upya katika kila kichochoro bali huendelea kata nzima, hata nyumba mbili zenye namba zinazofuatana huweza kutazama vichochoro tofauti. Simu yangu ilinifikisha ukingoni mwa mfereji usiokuwa na daraja, ikisisitiza kwamba mlango uko mbele yangu. Nilizunguka kwa muda wa karibu saa tatu usiku huo, nikiliinua sanduku la magurudumu katika kila daraja, maana karibu madaraja yote yana ngazi. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar asijivune. Huku kichochoro huishia majini bila ya kukuonya.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mwandikie mwenye nyumba na udai jina la kichochoro pamoja na kata yake, kwani majina kama Calle del Forno hujirudia katika kata mbalimbali. Kituo cha karibu cha vaporeto, ile boti ya abiria ya mjini. Jina la kanisa au uwanja ulio jirani. Na picha ya mlango. Asiyejibu hayo, mwache. Tena usishangae maandishi ya ukutani yanapotofautiana na ramani, kwa kuwa yale ya ukutani mara nyingi hufuata lahaja ya Kivenice: kanisa la Santi Giovanni e Paolo, kwa mfano, huandikwa San Zanipolo. Ramani ipakue kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Vibao vya manjano vinavyoelekeza daraja la Rialto na San Marco vinasaidia, ingawa utakutana na mahali ambapo mshale mmoja unaelekea kulia na mwingine kushoto, na vyote viwili ni kweli.

Hatua ya nne: barakoa. Nunua ya kartapesta, yaani karatasi iliyogandishwa kwa gundi katika kalibu, kutoka karakana ambako unamwona fundi akiipaka rangi. Ile ya plastiki hutoa jasho na haina mvuto. Chagua bauta, ambayo sehemu yake ya chini imechongoka kwenda mbele hata mvaaji aweze kula na kunywa bila kuivua. Moreta, barakoa nyeusi ya mahameli waliyovaa wanawake zamani, ilishikiliwa kwa kifungo kilichoumwa kwa meno, hivyo aliyeivaa alinyamaza kimya; ni nzuri kuitazama. Wenye miwani wajaribu barakoa wakiwa wameivaa miwani yao.

Hatua ya tano: usafiri na nguo. Tiketi moja ya vaporeto ni yuro 9.50 kwa dakika 75, kwa hiyo ya siku nzima hulipa haraka. Iguse kwenye mashine kila unapopanda, la sivyo faini inakusubiri. Chini ya joho vaa sweta mbili na viatu vya mpira mzito, kwani Februari ukungu hutoka majini na mawe huteleza, na weka mfukoni nafasi ya fritele, kitumbua cha zabibu kavu ambacho huuzwa msimu huo.