Somo: Kukompaili libbpf kutoka ndani ya msimbo wa Linux

Wakuu, ukifungua msimbo wa kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux ukaingia folda ya tools/lib, utakuta maktaba ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya kerneli yenyewe. Ni za programu za kawaida. Leo tushughulike na libbpf, ile inayopakia programu za BPF, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kerneli.

1. Weka vifaa (Debian au Ubuntu):
sudo apt install gcc make pkg-config libelf-dev zlib1g-dev

2. Shusha linux-6.6.tar.xz kutoka kernel.org, kisha:
tar xf linux-6.6.tar.xz && cd linux-6.6
Usihangaike na .config (faili la mipangilio ya kerneli) wala kukompaili kerneli nzima.

3. make -C tools/lib/bpf
Utapata libbpf.a na libbpf.so humo humo.

4. sudo make -C tools/lib/bpf install

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwenye mashine ya biti 64 maktaba inaenda /usr/local/lib64, na Debian haitafuti huko. Ukiwasha programu yako unapigwa na "error while loading shared libraries: libbpf.so.1". Mtu anakompaili upya mpaka usiku, kumbe faili lipo, halionekani tu. Dawa yake:
echo /usr/local/lib64 | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/libbpf.conf
sudo ldconfig
ldconfig -p | grep libbpf

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi niko kerneli 5.15. Hii ya 6.6 haitagoma?
Jibu: Haigomi. libbpf hupima kwanza kerneli inaweza nini, kisha inajirekebisha. Utakosa yale tu ambayo kerneli yako haina. Hata namba za matoleo ni zake: 1.0 ilitoka 2022, na haifuati namba ya kerneli.

Swali: Sasa kwa nini libbpf isikae kivyake, nje ya msimbo wa kerneli?
Jibu: Anayeongeza jambo jipya kwenye BPF hutuma viraka (mabadiliko ya msimbo) vya kerneli, vya maktaba na majaribio kwa mpigo mmoja, vikaguliwe pamoja. Ila kwa kusambaza kuna nakala yake GitHub, libbpf/libbpf. Kama unatengeneza pakiti ya distro (mfumo wa Linux kama Debian) chukua hiyo. Kubeba kerneli nzima kwa ajili ya folda moja ni kujitesa.

Swali: Kaka, programu yangu ni ya kuuza. Leseni ya GPL haitanibana?
Jibu: Kerneli ni GPL-2.0, lakini libbpf unachagua: LGPL-2.1 au BSD ya vifungu 2. Chunga ile programu ya BPF unayoipakia. Isipojitangaza kuwa ni GPL, baadhi ya huduma za kerneli, mfano bpf_trace_printk, zitaikataa.